Mpenda chongo huita kengeza: bendera ndani ya alama za shabiki wa ngumi

Raundi ya tisa, Riyadh, Mei 18, 2024. Konde la kushoto la Oleksandr Usyk wa Ukraine linampata Tyson Fury wa Uingereza, na jitu lile la uzito wa juu linaanza kupepesuka kutoka upande mmoja wa ulingo hadi mwingine, kamba zikimzuia asianguke. Refa anaingia kati na kumhesabia. Raundi tatu baadaye zinasomwa alama: jaji mmoja 115-112 kwa Usyk, mwingine 114-113 kwa Fury, wa tatu 114-113 kwa Usyk. Fury, akiwa bado ulingoni, akasema anaamini yeye ndiye mshindi, na kwamba nchi ya mwenzake iko vitani, kwa hiyo watu wanaegemea upande wa nchi iliyo vitani.

Kauli hiyo imenikaa kichwani kuliko hata lile konde. Karibu kila shabiki wa ngumi ameshawahi kuisema kwa maneno yake: wetu kaibiwa, wao wamebebwa. Anayebadilika ni huyo "wetu" tu. Na jambo linaloniuma katika mabishano hayo ni kwamba tunautafuta upendeleo wa kitaifa mahali ambapo mara nyingi haupo, kwenye pasipoti ya jaji, na tunauacha pale ulipojikita, yaani kwenye jicho letu wenyewe na kwenye ladha tuliyolelewa nayo.

Turudi kidogo Riyadh, maana hesabu yake ina mafunzo. Majaji wale walikuwa Mhispania, Mmarekani na Mkanada. Hakukuwa na Muukraine wala Mwingereza. Sasa chukulia kwamba refa hakumhesabia Fury katika raundi ya tisa. Raundi hiyo ingekuwa 10-9 badala ya 10-8, na Fury angeongezewa pointi moja kwenye kila kadi ya alama: 115-113 kwa Usyk, 115-113 kwa Fury, 114-114. Sare. Pambano la mikanda yote minne ya uzito wa juu lilining'inia kwenye pointi moja. Panapokuwa pembamba namna hiyo, mapenzi hayahitaji kuwa makubwa. Shabiki akimpa mtu wake raundi moja tu ya mashaka, matokeo yanageuka, naye atalala akiwa na uhakika kamili kwamba amehesabu kwa haki.

Mfumo wenyewe ndio umeacha mlango wazi. Kila raundi huhukumiwa peke yake, mshindi wake anapata 10 na mwenzake 9, au 8 akiangushwa. Raundi iliyoshindwa kwa unywele na raundi iliyoshindwa kwa kipigo cha wazi bila mtu kuanguka zote huandikwa 10-9. Jaji anatakiwa kutazama makonde safi yaliyofika, mashambulizi yenye tija, nani anautawala ulingo, na ulinzi. Makonde safi hutangulia, lakini hakuna mizani inayosema kuwa kutawala ulingo kuna uzito wa nusu konde au konde mbili. Hapo ndipo mtu anapojaza kwa alichonacho.

Kabla ya kuilaumu bendera, hata hivyo, ni lazima tujue watu hutofautiana kiasi gani pale ambapo bendera haipo kabisa. Aprili 6, 1987, Las Vegas, Marvin Hagler alipigana na Sugar Ray Leonard. Wamarekani wote wawili. Jaji mmoja akampa Hagler 115-113, mwingine akampa Leonard 115-113, wa tatu akampa Leonard 118-110. Kati ya kadi ya kwanza na ya mwisho kuna raundi tano ambazo watu wawili waliokaa kando ya ulingo uleule waliziona kinyume. Hagler hakupigana tena. Ubishi wa pambano lile bado una moto, na hakuna anayeweza kusema ni uzalendo. Kinachogombaniwa ni swali la kale la ngumi: je, anayesonga mbele na kusukuma ndiye anayeshinda, au anayegusa na kuondoka? Kila tunapotaka kusema "huyu kasema hivi kwa sababu ya nchi yake", tukumbuke kwamba kiasi kikubwa cha tofauti kingekuwepo tu.

Jicho

Sasa tuje kwenye kile ambacho bendera inaongeza. Watafiti wawili, Albert Hastorf na Hadley Cantril, walichapisha mwaka 1954 uchunguzi uliotokana na mechi moja ya kandanda la Kimarekani, iliyochezwa 1951 kati ya vyuo vikuu vya Princeton na Dartmouth. Mechi ilikuwa ya rafu na watu waliumia. Waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ileile na kuwaomba wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliona makosa ya timu ya Dartmouth zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth wenyewe. Walitazama filamu moja, kila mmoja kwa macho mazima, na hakuna aliyeombwa aseme uongo.

Ngumi zinaweka mtego huohuo, tena mkali zaidi, kwa sababu mambo hutokea kwa kasi na kwa pembe. Konde linapigwa, glavu ya mpinzani iko karibu na shavu, kichwa kinarudi nyuma. Lilifika au lilizuiwa? Ukiwa umemkazia macho bondia wako unaona anachofanya yeye. Unaona makonde yake yakiondoka, na makonde ya mwenzake unayaona yanapotua kwa nguvu tu. Mashabiki wawili wa nchi mbili wanatazama watu wawili tofauti kwenye skrini moja. Mpenda chongo huita kengeza, walisema wazee, na kwenye ngumi hata halazimiki kuita, kengeza ndiyo anayoiona.

Halafu kuna kelele. Mwaka 2002 Alan Nevill na wenzake waliwaonyesha marefa wa soka picha za wachezaji wakikabana, wengine wakisikia kelele za uwanja na wengine kimya. Waliosikia kelele waliadhibu makosa machache ya timu ya nyumbani. Kundi hilohilo la watafiti likageukia ngumi, mapambano ya ubingwa wa Ulaya, likipima nafasi ya bondia wa nyumbani dhidi ya mpinzani wa kiwango sawa naye. Pambano likiisha kwa nokauti, nafasi ya mwenyeji ilikuwa 0.57. Likiisha kwa refa kulisimamisha, 0.66. Likienda kwa majaji, 0.74. Tazama ngazi hiyo inavyopanda: kadiri uamuzi unavyohama kutoka kwenye ngumi kwenda kwenye macho ya mtu, ndivyo mwenyeji anavyofaidi. Nami sisomi hapo habari ya rushwa. Nasoma habari ya masikio. Elfu ishirini wanapopiga ukelele kwa konde lililogusa bega, ubongo unaliandika kama konde.

Sasa kama jaji aliyefundishwa, aliyekaa hatua mbili kutoka kwenye kamba, anatikiswa na kelele, shabiki aliye nyumbani ana kinga gani? Anatazama matangazo ya nchi yake, kwa lugha yake, mtangazaji akipandisha sauti kila bondia wa kwao anaporusha mkono. Marudio kati ya raundi yanachaguliwa na mtu. Kadi isiyo rasmi ya kituo inaonyeshwa pembeni ya skrini na inamwambia la kufikiri kabla hajafikiri. Kwa hiyo mabishano ya kesho yake si ya watu waliotazama pambano moja. Walitazama matangazo mawili.

Ladha

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, panapopuuzwa kuliko kote. Nchi humpa mtu bondia wa kumshangilia, lakini pia humfundisha ngumi nzuri ni ipi. Mmexico aliyekua akimtazama bondia Julio César Chávez ameona kwamba ushindi ni kusonga mbele, kubana, na kupeleka ndoana ya kushoto, yaani konde la kupinda, kwenye ini mpaka mtu akunjike. Anayerudi nyuma, kwake, anakimbia. Aliyekulia kwenye shule ya Cuba au ya uliokuwa Muungano wa Kisovieti, ambako ngumi za ridhaa zilikuwa kila kitu, amezoea miguu, umbali, konde moja safi kisha pembe mpya. Kwake anayesonga mbele huku akila makonde ya uso hashambulii, anapigwa. Wote wawili wana kifungu cha sheria cha kuwatetea. Mmoja anataja mashambulizi yenye tija, mwingine anataja kuutawala ulingo na ulinzi.

Ndiyo maana pambano la Chávez na Pernell Whitaker, Septemba 10, 1993, San Antonio, lina thamani kubwa kwa anayetaka kuelewa. Chávez aliingia na ushindi 87 bila kupoteza. Whitaker, Mmarekani wa mkono wa kushoto, alikuwa mtu wa kukwepa kwa sentimita na kujibu. Watu wengi ukumbini walikuwa upande wa Chávez. Kadi mbili zilisema 115-115, ya tatu 115-113 kwa Whitaker, ikawa sare ambayo bado inatajwa kila mtu anapohesabu maamuzi mabaya ya ngumi. Na majaji walioandika 115-115 walikuwa nani? Mwingereza mmoja na Mswisi mmoja. Yeyote aliyeelezea sare ile kwa pasipoti alikosa kabisa. Kilichoonekana pale, naamini, ni ladha ya kwamba mshambuliaji anastahili, ikichanganyika na kelele za ukumbi na hadhi ya bingwa asiyewahi kupoteza.

Mfano ulio wazi kuliko huo ni wa Machi 13, 1999, New York, Lennox Lewis wa Uingereza dhidi ya Evander Holyfield wa Marekani. Kadi ya Mmarekani ilimpa Holyfield 115-113, na hapo kila Mwingereza alikuwa na ushahidi wake mkononi. Kadi ya jaji wa Afrika Kusini ilimpa Lewis 116-113. Lakini kadi iliyofanya pambano liwe sare, 115-115, iliandikwa na Mwingereza. Angempa mwananchi mwenzake raundi moja zaidi, Lewis angeondoka na mikanda usiku uleule.

Pambano la Manny Pacquiao na Jeff Horn, Brisbane, Julai 2017, lilipita njia hiyohiyo. Horn alishinda nyumbani kwa 117-111, 115-113, 115-113, na hesabu ya makonde iliyotangazwa ilionyesha Pacquiao amefikisha 182 na Horn 92. Hakuna jaji aliyekuwa Mwaustralia wala Mfilipino. WBO, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa, ikawapa majaji watano wasiotajwa majina kazi ya kulitazama upya, nao wakampa Horn raundi saba na Pacquiao tano. Mimi hesabu za makonde nazichukua kwa tahadhari, kwa sababu nazo zinabonyezwa na binadamu wanaotazama, na hazipimi uzito wa konde. Hata hivyo pambano lile lilinifunza kitu: tofauti ya 182 na 92 inaweza kujilundika ndani ya raundi chache, huku raundi nyingi zikibaki za kubishaniwa. Shabiki wa Kifilipino anayetaja jumla na shabiki wa Kiaustralia anayetaja raundi hawadanganyani. Wanapima vitu viwili.

Orodha

Kama raundi moja ina nafasi hiyo, fikiria orodha ya mabondia bora wa dunia bila kujali uzito. Inalinganisha watu ambao hawatakutana kamwe, mmoja wa kilo 50 na mwingine wa kilo 100, na kwa hiyo hakuna pambano litakalotoa jibu. Bendera ina uwanja mpana hapo. Lakini hata hapo naona chuki kidogo na kutokuona kwingi. Watu humpanga juu yule waliyemtazama.

Khaosai Galaxy wa Thailand alitetea mkanda wake wa WBA, shirika jingine la ubingwa, mara 19 kati ya 1984 na 1991, kisha akastaafu akiwa bingwa. Yuh Myung-woo wa Korea Kusini alitetea wa kwake mara 17 mfululizo katika miaka hiyohiyo. Ni majina ambayo shabiki wa Marekani au Uingereza anaweza kumaliza orodha yake ya enzi ile bila kuyagusa, na ukimuuliza kwa nini, atasema hawakupigana na watu wakubwa. Wakubwa kwa nani? Walipigana katika uzito mdogo, Asia, saa ambazo Magharibi imelala au iko kazini. Naoya Inoue wa Japani alikuja katika enzi ya video za papo kwa hapo, na mwaka 2022 gazeti la The Ring likamweka namba moja, Mjapani wa kwanza kufika hapo. Yeye pia ameambiwa mara nyingi kwamba ushindi wa Tokyo haujakamilika mpaka athibitishe Las Vegas, sharti ambalo bondia wa Marekani anayepigana nyumbani maisha yake yote hapewi.

Joe Calzaghe wa Wales aliishi na sharti hilo kwa miaka kumi. Alikuwa bingwa wa WBO tangu 1997, akipigana sehemu kubwa ya mapambano yake Uingereza, na Marekani walimwita bondia wa kulindwa. Aprili 2008 akaenda Las Vegas kupigana na Bernard Hopkins. Akaangushwa raundi ya kwanza, akashinda kwa kadi mbili dhidi ya moja. Alistaafu na 46 bila kupoteza, na ubishi haukuisha, ulibadilisha umbo tu: sasa Hopkins alikuwa na miaka 43. Nakiri hoja hiyo si ya kutupwa. Kosa liko kwa shabiki wa Kiingereza anayeikataa kwa Calzaghe kisha akaitumia kwa Pacquiao aliyepoteza kwa Horn akiwa na 38, na kwa Mmarekani anayefanya kinyume chake. Upendeleo unajidhihirisha zaidi katika kubadilisha kipimo katikati ya mazungumzo kuliko katika kipimo chenyewe.

Na huyo "wetu" hatolewi na pasipoti peke yake. Oscar De La Hoya alizaliwa Los Angeles kwa wazazi wa Kimexico. Alipokutana na Chávez mwaka 1996, wengi wenye asili kama yake walikuwa upande wa Chávez, na kumsimamisha mzee katika raundi ya nne hakukumwongezea mapenzi. Canelo Álvarez ni Mmexico wa kuzaliwa Guadalajara, na bado wako Wamexico wanaompima kwa ukali ambao hawautumii kwa mgeni yeyote, kwa sababu wanamlinganisha na Chávez wa kumbukumbu zao. Huu nao ni uzalendo. Kumdai wa kwenu kuliko wengine kunapotosha alama kama kumpendelea kunavyopotosha.

Canelo anatukumbusha pia tusiipe bendera lawama za fedha. Pambano lake la kwanza na Gennady Golovkin wa Kazakhstan, Septemba 16, 2017, liliisha sare: 115-113 kwa Golovkin, 114-114, na ile 118-110 kwa Canelo iliyowaudhi watu duniani kote. Majaji wote walikuwa Wamarekani. Kama kulikuwa na mvuto wowote uliomwelekea Canelo, ulitoka kwenye jina linalojaza kumbi, si kwenye nchi. Na yapo mambo yaliyo mabaya kuliko upendeleo. Roy Jones Jr. wa Marekani, kwenye fainali ya Olimpiki ya Seoul, 1988, alifikisha makonde 86 dhidi ya 32 ya Park Si-hun wa Korea Kusini, akapoteza 3-2, kisha akapewa tuzo ya bondia bora wa mashindano. Watu wanapoita kila raundi ya utata "wizi", wanaiweka Seoul kwenye kapu moja na tofauti ya kawaida ya macho, na mtu aliyeonewa kweli anapoteza neno la kuelezea alichotendewa.

Siku hizi naandika alama zangu kwenye karatasi, sauti ikiwa imezimwa, kabla ya raundi inayofuata kuanza. Sitoi jibu moja. Raundi ya wazi naiandika, raundi ya mashaka naiwekea alama ya kuuliza, na mwisho napata kiwango: huyu anaweza kuwa ameshinda raundi kati ya tano na nane, kwa mfano. Kadi ya jaji ikiwa ndani ya kiwango hicho, simlaumu hata kama mtu wangu kapoteza. Kwa Canelo na Golovkin, 118-110 iko nje ya karatasi yangu kabisa, na 114-114 iko ndani, jambo ambalo sikulipenda nilipoliona. Kwa Usyk na Fury raundi tatu bado zina alama ya kuuliza. Nimezirudia zaidi ya mara moja, na moja kati ya hizo nimeipa kila mmoja wao kwa zamu.